Nilinunua Kuni Mbichi England, Nikakumbuka Mkebe wa Mbotela

Najua wengi wenu mnataka picha za theluji, lakini leo tunaongea kuhusu kuni. Ndio, kuni, zile za ushago kwa shosho. Zilinifunza kitu kuhusu pesa ambacho nilipaswa kukijua tangu nikiwa mdogo.

Mimi ni mtoto wa Mbotela. Kwetu kuni hatukuwa nazo, tulikuwa na makaa. Kila jioni mathe alikuwa ananituma kwa mama wa makaa na pesa ya mkebe mmoja, na maagizo mawili. La kwanza: chunga asikujazie vipande vikubwa, kwa sababu vinaacha mianya na unalipia hewa. La pili: chukua vipande viwili ugonge. Mkaa ulioiva vizuri unalia kama chupa. Ule mbaya unafanya "dub", halafu ukiuwasha unakutoa machozi na moshi. Mwaka wa 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma, bei ya makaa ilipanda. Mkebe ulibaki ule ule, ila tukaanza kupika githeri mara moja kwa wiki.

Oktoba 2023 nikahamia England, kazi ya kutunza wazee. Ukisikia England unawaza London, si ndio? Mimi nilitua Herefordshire, mashambani kabisa, kwenye miti ya matofaa na ng'ombe wenye uso mweupe. Basi inapita mara chache kwa siku na ikikuacha, imekuacha. Tulipanga nyumba watatu: mimi, dada mmoja wa Kisumu, na jamaa wa Zimbabwe. Kijiji hakina bomba la gesi. Umeme ni wa kulipia kwanza, kama tokeni za nyumbani, na hita za umeme zinakula hizo tokeni kama mtoto aliyetoka boarding. Lakini sebuleni kulikuwa na jiko la chuma la kuni, na bomba lake la moshi likipanda hadi juu ya paa. Tukasema, sawa, tutaota moto.

Novemba ikafika na baridi yake. Dukani kwa kituo cha petroli walikuwa wanauza kuni kavu kwa neti ndogo, na neti moja inaisha jioni moja. Tukaona tunafilisika. Halafu mwenzetu akapata jamaa wa pikapu anayeuza mzigo mzima kwa karibu nusu ya bei ya wengine, pesa mkononi. Akatumwagia lundo nje ya geti, akaenda. Manze, nilijiona mjanja. Nikapiga picha nikamtumia mathe.

Usiku huo moto ulikataa kushika. Kuni zilikuwa zinalia "ssss" na maji yanatoka povu kwenye ncha. Kioo cha jiko kikawa cheusi, nyumba ikajaa moshi, tukafungua madirisha usiku wa baridi ili tupumue. Yaani tulilipia kuni ili tukae nje. Kwa wiki tatu tulilala na makoti. Ile pesa nilikuwa nimepanga kutuma nyumbani mwezi huo ikaenda kwa tokeni.

Nikampigia mathe video nimejifunga blanketi. Akaniuliza swali moja tu: "Kwani hukugonga kabla ya kununua?"

Niliona aibu. Nilikuwa nimesahau kila kitu cha Mbotela kwa sababu niko majuu. Akilini nilidhani huku hakuna mtu wa kukuuzia hewa.

Kesho yake nikaenda kumuuliza mzee wa nyumba ya pili. Wiki nzima nilikuwa nimeogopa, nisionekane mjinga. Alicheka kidogo, akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Banda refu, wazi pande zote, kuni zimepangwa kama vitabu. Akachukua vipande viwili akavigonga: "klak!" Akachukua vyangu viwili: "dub." Mathe wangu na huyu mzee hawajawahi kuonana, lakini wanatumia kipimo kimoja.

Akanifunza mengine. Kuni kavu ni nyepesi, zina nyufa kwenye ncha na ganda lake linabanduka. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, kwa hivyo moto unatumia nguvu yake kuchemsha maji badala ya kukupa joto. Moshi wake unaacha masizi ya lami ndani ya bomba, na siku moja bomba lenyewe linaweza kushika moto. Ana kifaa kidogo chenye sindano mbili: unapasua kipande, unachoma upande wa ndani, kinakusomea unyevu. Zangu zilisoma 34. Kuni za kuchoma zinafaa kuwa 20 kushuka chini.

Na hapo ndipo nikajua kuna sheria kabisa. Tangu Mei 2021, England hairuhusu kuuza kuni mbichi kwa vipimo vidogo, chini ya mita za ujazo 2. Lazima ziwe na unyevu wa asilimia 20 au pungufu, na alama ya kuthibitisha. Ukinunua nyingi zaidi ya hapo, unaweza kuuziwa mbichi, lakini muuzaji anakupa maelezo ya kuzikausha. Yule wa pikapu alijua. Sisi hatukujua.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonikosesha usingizi. Nilimuuliza mzee yeye hununua wapi. Akasema hununua mbichi, kwa wingi, majira ya kuchipua, bei ya chini, halafu anaziacha zikauke. Mti kama mwaloni unaweza kumaliza miaka miwili. Kuni anazochoma baridi hii alizinunua mwaka juzi.

Umeshika? Mwenye banda na akiba analipa kidogo na anapata moto mzuri. Asiye nacho ananunua neti ya jioni moja kwa bei ya juu, ama anadanganywa kwa pikapu. Hiyo ni hesabu ya mkebe! Mathe alinunua makaa kwa mkebe miaka yote, na ukijumlisha mikebe ya mwezi, ni zaidi ya bei ya gunia. Hakuwa hajui hesabu. Hakuwa tu na pesa ya gunia siku moja, wala mahali pa kuliweka kwenye chumba kimoja. Watu wanapenda kusema maskini hapangi. Bwana, kupanga kunahitaji banda.

Na kwangu kulikuwa na swali lingine. Nikinunua kuni za mwaka kesho kutwa, nitakuwa hapa? Viza yangu inashikilia mwajiri mmoja. Akinifuta, hesabu yangu ni ya siku, si ya misimu. Kukausha kuni ni kusema "nitakuwepo," na mimi sina uhakika wa kusema hivyo.

Tulichofanya ni kile kinachofanywa mtaani. Tulichanga. Sisi watatu na wenzetu wawili wa kazini tukaweka pesa kidogo kila mwezi, na mwezi wa nne tukanunua mzigo mkubwa. Mzee akatuachia kona ya banda lake, tukamlipa kwa kumpasulia zake. Nikitimuliwa, wanaobaki watarudisha pesa yangu. Tuliandika kabisa, kama chama chochote cha Eastlands.

Nilimwambia mathe. Akanyamaza, kisha akasema yeye na majirani wawili wa ploti wataanza hivyo hivyo na makaa, gunia moja watu watatu, kila mtu na debe lake. Miaka yote hiyo walikuwa wanapishana kwa mama wa makaa kila jioni.

Kitu kimoja kabla sijamaliza: jiko la makaa usilale nalo ndani, hata baridi ikiwa aje. Ile hewa yake haina harufu na inaua. Huku mwenye nyumba analazimishwa na sheria kuweka king'ora chake penye jiko la kuni. Kwetu king'ora ni wewe.

Halafu jiulize: ni nini unanunua kwa mkebe kila siku, na jirani yako pia ananunua kwa mkebe, na hamjawahi kukaa chini mkaongea?