Chembe Moja ya Baruti

Watu wengi wakisikia neno baruti hufikiria mlipuko. Sisi hufikiria mizani. Baruti hupimwa kwa greni, kipimo cha zamani kilichotokana na uzito wa punje ya shayiri, na greni 7,000 hufanya ratili moja. Ganda moja la risasi zetu huingia greni zaidi kidogo ya 30, na mizani iliyo mezani kwetu husoma hadi sehemu mbili za mia za greni. Huo ni karibu uzito wa chembe moja tu ya baruti, kijiti kifupi cheusi ambacho kikianguka sakafuni hukipati tena. Mmoja wetu huiongeza kwa kibanio. Mwenzake huzuia pumzi ili mizani isitikisike.

Sisi ni mume na mke, tumetoka Kivu, na sasa ni raia wa Marekani. Jumamosi za kiangazi huwa tuko kwenye mashindano ya shabaha ya yadi 1,000, yaani mita 914. Mchezo huu una mizizi hapa Pennsylvania. Klabu ya Williamsport ilianzishwa mwaka 1967. Bunduki hulazwa juu ya benchi, imeegemezwa kwenye mifuko ya mchanga, na mlengaji huketi nyuma yake. Katika daraja la bunduki nyepesi hufyatuliwa risasi tano kwenye karatasi, na anayesifiwa ni yule ambaye matundu yake yamekaribiana zaidi. Hakuna mnyama wala adui.

Kazi yenyewe hufanyika nyumbani, siku nyingi kabla. Ganda la shaba lililokwisha kufyatuliwa huwa limetanuka na kushika umbo la chemba ya bunduki ile, kwa hiyo hatulitupi. Tunalisafisha, tunapasha moto shingo yake ili ilainike na ikibane kichwa cha risasi sawasawa na maganda mengine, tunatia fataki mpya, kisha baruti, kisha kichwa, ambacho kina chake cha kuingia kinachopimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Baruti ikizidi katika ganda moja na kupungua katika jingine, mwendo wa risasi hutofautiana, na kwa umbali ule risasi ya polepole hushuka inchi kadhaa chini ya mwenzake. Kabla ya kufunga, yule ambaye hakumimina baruti humulika ndani ya kila ganda kwa tochi. Mwanzoni jambo hili lilikuwa likileta manung'uniko kidogo kati yetu (nani anapenda kukaguliwa na mwenzi wake?), lakini limetufaa hata katika hesabu za nyumba.

Kichwa kikishakaa, hakuna jicho linaloweza kuona kilichomo. Wenzetu kwenye mashindano hawafungui risasi zetu. Kitabu cha Mithali kinarudia zaidi ya mara moja habari za mizani na mawe ya kupimia, na sisi tuliokulia mahali ambapo wanunuzi wa dhahabu walitembea na mizani zao za mkononi tunajua kwa nini. Mchimbaji alijua uzito wa jasho lake, lakini mizani haikuwa yake.

Hata hivyo si kila mtu katika ushirika wetu anafurahia mezani kwetu. Mama mmoja alitusikia tukieleza mambo haya baada ya ibada, akasema polepole: "Ninyi mnazipima. Sisi tulikuwa tukizihesabu usiku." Hatukumjibu. Kuna maneno ambayo ukiyajibu unamkosea aliyeyasema. Tangu siku hiyo hatuzungumzii mchezo wetu penye chai ya kanisa, na anapokuja kwetu mlango wa chumba kile huwa umefungwa. Lakini hatukuiacha meza. Kwa miaka mingi risasi ilikuwa kitu kilichotuamulia wapi tulale na lini tukimbie. Kuikalisha kwenye mizani, tukaijua mpaka chembe yake ya mwisho, kumetupa usingizi ambao hatuwezi kuufafanulia kila mtu. Bado tunaombea jambo hili, sisi na yeye.

Na kuna upepo. Risasi hukaa hewani zaidi kidogo ya sekunde moja, na muda huo unatosha upepo kuipeleka unakotaka. Tunasimika vibendera, tunavitazama, tunasubiri. Wapo wanaoomba upepo utulie. Sisi hatuombi hivyo, maana upepo ule ule unavuma kwenye benchi la jirani. Msimu uliopita risasi nne zilikaa mahali pamoja, ya tano ikaenda zake kushoto. Tuliokota maganda matano, bado ya moto, tukayahesabu na kuyarudisha kisandukuni. Jumatatu jioni tulikuwa mezani tena.