Kabla Hujamlaumu Fundi

Leo nina jambo la kuungama mbele yako.

Unakumbuka Jumapili ile niliposimama madhabahuni nikakuambia adui ameshika gari letu la kanisa? Ulikuwa umetoa sadaka yako, injini ikafanyiwa ovaholi: ringi mpya, beringi mpya, gasketi mpya. Siku ya kuiwasha, staata ikalia "tik" ikanyamaza. Tukaazima betri ya gari lingine. Tik tena. Nikamwambia fundi, "Tulifunge kamba tulivute, litashika tu."

Mzee akakataa. "Pasta, injini ikikataa kuzunguka, usiilazimishe. Iulize kwanza."

Sikiliza alivyoiuliza. Alilitoa gari kwenye gia, akafungua plagi zote nne ili pistoni zisibane hewa, kisha akaweka spana ndefu kwenye bolti ya puli ya mbele, akavuta. Akanieleza kwamba injini iliyotoka kutengenezwa huwa nzito kidogo, kwa sababu ringi mpya hazijazoeana na silinda. Lakini bila plagi inapaswa kuzunguka polepole bila kukwama. Yetu ilihitaji watu wawili! Basi shida haikuwa betri wala staata. Ilikuwa ndani.

Akamwaga oili, akafungua sampu. Krenki yetu inashikwa na vifuniko vitano vya beringi. Akalegeza cha kwanza, akazungusha: nzito. Cha pili: afadhali. Cha tatu: ikazunguka kwa mkono mmoja. Akavipangusa, akanionyesha namba. Cha 2 kilikaa mahali pa 3, na cha 3 mahali pa 2. Vifuniko hivyo huchongwa pamoja na bloku, kila kimoja mahali pake. Ukivibadilisha, tundu halibaki duara, na beringi inabana krenki. Tungelivuta gari, tungeharibu hata krenki yenyewe.

Mpendwa, unajua nani alivichanganya? Ni mimi. Nilienda gereji "kusaidia", nikaviosha kwa mafuta taa na kuvipanga nilivyoona mimi. Halafu nikampigia fundi simu mara tatu nikimharakisha. Akavifunga giza likiingia, bila kusoma namba, na bila kuzungusha krenki kila anapokaza kifuniko kimoja kama ilivyo desturi yake.

Nilimlaumu adui. Nilimlaumu fundi kwa watu. Nimemwomba msamaha mbele ya vijana wake wa gereji, na leo nakuomba wewe. Beringi zilizokwaruzika nimenunua nyingine kwa pesa yangu, si ya sadaka.

Labda kwako pia kuna kitu kimekataa kuzunguka: ndoa, biashara, mtoto asiyekusikiliza. Umeshaanza kutafuta kamba ya kukivuta. Ngoja. Punguza mgandamizo kwanza, kama tulivyotoa plagi. Kisha legeza jambo moja, uangalie kama kuna nafuu, ndipo uguse lingine. Na ukifika kwenye kifuniko chenye alama ya mkono wako mwenyewe, usikirudishe kimya kimya. Sema.

Gari linatembea. Jumapili litapita kituoni kama kawaida kuwachukua wazee wetu.

Amina? Uwe na wiki yenye baraka.