Timu ya Mji na Timu ya Mwajiri

Linaloniudhi katika mabishano yetu ya voliboli ni jinsi ligi ya wanawake ya Iceland inavyopuuzwa kabla hata haijajadiliwa. Hao hawajawahi kufika Olimpiki, tunasema, na sisi Wakenya tumekwenda Sydney, Athens, Tokyo na Paris; kufikia 2023 timu yetu ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers, walikuwa mabingwa wa Afrika mara 10. Ni kweli tupu, na sisi tulio ughaibuni tunajivunia kila kombe. Ila hayo hayajibu swali la msichana wa kawaida, asiye na kimo cha kumsimamisha kocha wa taifa, anayeupenda mchezo huu kwa moyo wote: akishafika miaka 20 atacheza wapi? Hapo ndipo kisiwa hiki kimetuacha nyuma kabisa.

Iceland nzima haifiki watu 400,000. Ni kama kaunti ya Taita Taveta iliyopewa bendera yake. Katika pwani ya mashariki kuna mji wa wavuvi, Neskaupstaður, wenye wakazi wapatao 1,500, idadi ya shule moja kubwa ya bweni kwetu. Mji huo una timu ya wanawake, Þróttur, na mwaka 2018 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa nchi. Kutoka huko hadi Reykjavík ni kama kilomita 700 za barabara, na kabla ya handaki jipya kufunguliwa Novemba 2017, safari ilianza kwa kupanda mlima zaidi ya mita 600, theluji ikiwepo, hadi kwenye handaki la zamani la njia moja tu ya magari. Ligi haikuwaambia wahamie mjini. Tangu 2007 serikali ina mfuko unaovirudishia vilabu sehemu ya gharama za safari za mashindano ya ndani ya nchi. Na kumbi za michezo za miji hii midogo hazina fahari yoyote: sakafu imechorwa mistari ya rangi nne tano inayokatana, ya mpira wa mikono, kikapu, badminton na voliboli, kwa sababu asubuhi ukumbi ni wa watoto wa shule. Jioni vifuniko vidogo vya sakafuni vinafunuliwa, nguzo zinatumbukizwa matunduni, wavu unakazwa mpaka mita 2.24, na hapo ndipo ligi ya taifa inapochezwa. Anayestaafu ligi ana mashindano ya kila mwaka ya waliotimiza miaka 30, na wanaofika huko ni mamia kwa mamia.

Sasa soma majina ya timu zetu kubwa: Kenya Pipeline, Kenya Prisons, KCB, DCI. Bomba la mafuta, magereza, benki, upelelezi. Kila timu ni ya mwajiri. Shule za Kwanthanze na Mukumu zinatoa wasichana wanaopiga mpira ukatoboa ardhi, lakini baada ya kidato cha nne mlango ni mmoja: uajiriwe, au uning'inize viatu. Hata kaunti, ambazo zingekuwa miji yetu, zinakutana kwenye michezo ya KICOSCA, na hiyo nayo ni ya wafanyakazi wa kaunti.

Nitaambiwa mwajiri ndiye aliyeokoa voliboli ya wanawake, na sibishi. Mchezaji wa Magereza goti likiharibika bado ana mshahara na pensheni, jambo ambalo klabu ya kijiji cha wavuvi haiwezi kumpa mtu. Timu hizo zibaki. Ninachokataa ni ziwe ndiyo njia pekee, maana mwajiri huchukua wachezaji anaowahitaji tu, na wengine wote wanapotea wakiwa bado na nguvu. Nitaambiwa pia Iceland ni tajiri. Ni tajiri, ndiyo, lakini ukumbi wake ni wa shule, na shule sisi tunazo kila kata. Voliboli yetu imekulia kwenye vumbi, wavu umefungwa kwenye mikaratusi miwili na mistari imechorwa kwa majivu. Haijawahi kusubiri sakafu ya mbao. Kinachokosekana ni klabu yenye jina la mahali, ratiba inayojulikana, na nauli ya kwenda ugenini.

Nauli hiyo ina pa kutoka. Tuna Mfuko wa Michezo wa taifa, unaotunishwa na kodi ya kamari, na tuna serikali za kaunti 47. Magavana waanze na kiwanja kimoja cha shule, kocha mmoja na basi moja la kukodi kwa mwezi, na hazina itenge fungu la safari za timu za wanawake za kaunti, kwa jina na kwa kiasi, katika bajeti ijayo.