"Mama, imekataa"

Jamani, kama umewahi kujaza fomu kwenye kompyuta ya steshenari pale Kasulu mjini au Kibondo, neno hili unalijua: "imekataa." Imekataa nini? Hapo ndipo penye kazi. Fomu inazungumza Kiswahili toka juu mpaka chini, ila ukikosea kidogo tu inahamia Kiingereza, tena kifupi, kwa wino mwekundu.

Hivi karibuni nilimkuta mama mmoja akimwombea bintiye nafasi ya masomo. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. "Mama, imekataa," dada wa steshenari akamwambia. Mama akauliza taratibu: "Imekataa mwanangu asisome?"

Kumbe ni namba ya simu. Wameanza na 0, mfumo unataka 255. Nusu saa nzima ilipotea kwa hilo.

Sasa utasema, si watafsiri tu? Wandugu, siyo rahisi hivyo. Watengeneza programu hupenda sentensi moja yenye nafasi wazi, kisha jina la kila kipengele linapachikwa hapo. Kiingereza kinaikubali. Sisi tuna ngeli: jina linahitajika, kijiji kinahitajika, namba inahitajika, umri unahitajika. Sentensi moja ikitumika kwa vyote utasoma "kijiji inahitajika." Njia ya kuepa ipo, na haina gharama: tanguliza ombi. "Tafadhali jaza kijiji." "Tafadhali jaza umri." Ngeli haipati pa kuleta fujo.

Halafu maneno yenyewe. "Batili" ni neno la mahakamani. Mwambie mzee wa kijijini kwamba namba yake ya NIDA ni batili, ataona anatuhumiwa kughushi! Kwa nini usimwambie, "Namba ya NIDA ina tarakimu 20, umeandika 19"? "Kosa" nalo lina harufu ya polisi. "Hitilafu" tuiache kwa siku mtambo wenyewe umeharibika. Na "nywila" (najua wapenzi wa lugha watanirushia mawe) mimi siitaki kwenye fomu ya wananchi. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na bibi zetu wa Heru Juu wanaijua "namba ya siri" bila kufundishwa na mtu. "Neno la siri" wataelewa mara moja.

Wala tusiambiwe kwamba Kiswahili hakina msamiati. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Ujumbe wa mistari miwili utushinde?

Kuna jambo moja tu ambalo tafsiri haliwezi. Mwenye jina lenye ng' akiliandika sawasawa, baadhi ya mifumo huiona ile ritifaa na kumjibu kwamba jina lake halikubaliki. Huo ujumbe hata uutafsiri kwa Kiha, mtu bado atalazimika kulifupisha jina la babu yake ili apite. Hapo inabadilishwa kanuni ndani ya mfumo, na ni mstari mmoja tu.