Hesabu ya Filamu Katika Mtaa wa Leso

Mtu mwenye mshahara mdogo akipenda kitu cha gharama kubwa, hana budi kujua hesabu. Mimi ni karani, na kitu nikipendacho ni kamera kubwa ya mbao, ile isimamayo juu ya miguu mitatu na mpigaji wake akajifunika kitambaa cheusi. Kamera hii haitumii filamu ya kuviringisha. Hutumia filamu nyeusi na nyeupe za vipande, ambazo hutiwa katika vibao gizani, vipande viwili kwa kila kibao, kimoja kila upande. Kipimo changu ni inchi 4 kwa 5. Kipande kimoja cha namna hii kina eneo kama mara 15 ya picha moja ya filamu ya milimita 35.

Faida yake naiona hapa Mombasa, katika Biashara Street. Nikipiga picha ya mbele ya duka, leso zikiwa zimetundikwa toka juu hata chini, jina lililoandikwa katika kila leso husomeka, hata ile iliyo nyuma kabisa. Hasara yake ni kwamba kila kipande kina bei yake, na bei hiyo hutoka katika fungu lile lile la unga na karo ya watoto.

Mafunzo ya kununua filamu sikuyapata kwa wapiga picha, bali kwa mzee mmoja muuza leso wa mtaa huo. Nilimwuliza siku moja jora hununuliwa kwa bei gani. Akanijibu, "Mwanangu, usiniulize bei ya jora. Niulize doti moja imenigharimu nini mpaka ikafika hapa rafuni, na katika kila doti kumi ni ngapi zimeliwa na panya." Maneno hayo nimeyashika.

Basi na tufanye hesabu kwa mfano tu. Sanduku la vipande 25 lina bei ya shilingi 10,000. Mtu husema upesi kwamba kipande ni shilingi 400. Lakini filamu hutoka ng'ambo, nayo ina nauli na ushuru wa forodha. Tukisema hayo ni shilingi 5,000, kipande kimekuwa shilingi 600. Tena vipande 10 vikiharibika kwa vumbi, joto au haraka ya mpigaji, picha 15 zilizobaki zimegharimu shilingi 1,000 kila moja. Hiyo ndiyo bei ya kweli, wala haikuandikwa juu ya sanduku.

Njia ya kwanza ya kuipunguza ni kuagiza kwa ushirika. Watu wanne wakiagiza masanduku manne pamoja, nauli hugawanyika. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kiwanda cha Foma cha nchi ya Cheki hujulikana kwa bei nafuu kuliko Ilford na Kodak. Na wenye kamera za zamani za Kiingereza, zenye kipimo cha inchi 4¾ kwa 6½, wasizitupe kamera zao kwa kukosa filamu madukani: Ilford ya Uingereza imekuwa na desturi ya kupokea, mara moja kwa mwaka, maagizo ya vipimo visivyo vya kawaida.

Njia ya pili ni kuhifadhi. Joto na unyevu wa pwani hii huizeesha filamu kabla ya siku zake. Yafaa ikae katika friji, ndani ya mfuko uliofungwa barabara. Ikitolewa, isifunguliwe mara moja, bali iachwe saa kadhaa mpaka baridi imtoke, la sivyo jasho litaganda juu ya utando wa dawa. Filamu iliyopitwa na tarehe huuzwa rahisi, lakini anunuaye kwanza aulize ilikaa wapi.

Njia ya tatu ndiyo yenye kishawishi. Kuna filamu za eksirei, zilizotengenezwa kwa ajili ya hospitali. Huuzwa katika masanduku ya vipande 100 vya inchi 8 kwa 10, na kila kipande hukatika kuwa vinne vya kipimo changu. Zile zinazoona mwanga wa kijani haziuoni mwekundu, kwa hiyo mtu huweza kuzikata na kuzisafisha kwa taa nyekundu bila kupapasa gizani. Tukisema sanduku pamoja na nauli ni shilingi 12,000, mtu amepata vipande 400, kila kimoja shilingi 30. Nani asiyetamani?

Lakini filamu hizi nyingi zina utando wa dawa pande zote mbili, nao hukwaruzika kwa kuguswa kidogo tu. Weusi na weupe wake hutofautiana kwa ukali mno. Tena, kwa kuwa haziuoni wekundu, kila kitu chekundu hutoka cheusi.

Jambo hili lilikuwa na uzito mwaka ambao bibi mmoja, jirani yetu, aliniomba nimpige picha pamoja na mjukuu wake kabla ya arusi, msichana akiwa amevaa kisutu. Macho ya bibi yalikuwa yakififia, naye alitaka picha kubwa ya ukutani, itundikwe kando ya ile yake ya ujana iliyopigwa studio. Akaniambia, "Picha haina rangi, najua. Lakini wekundu wa kisutu nataka niujue ulipo."

Kisutu ni chekundu, cheusi na cheupe. Nilikata kipande cha kisutu kikuukuu, nikakitundika juani, nikakipiga picha mbili: moja kwa filamu ya eksirei na moja kwa filamu ya kawaida iionayo rangi zote. Katika ile ya kwanza wekundu na weusi vilikuwa kitu kimoja, na ua la kisutu limepotea. Katika ya pili kila kimoja kilisimama mahali pake. Jibu lilikuwa limepatikana kwa gharama ya vipande viwili.

Siku yenyewe nilitumia vipande viwili vya filamu nzuri, wala sikuzidisha. Nilipima mwanga mara tatu, nikawaweka kivulini, nikangoja mpaka msichana alipoacha kucheka. Vyote viwili vilitoka vizuri. Bibi alipoletewa picha aliisogeza karibu na uso, akapitisha kidole juu ya kisutu, akasema, "Hapa."

Tangu hapo nina masanduku mawili. La eksirei ni la milango, kuta na mazoezi, na humo nimejifunza mengi kwa fedha kidogo. La filamu nzuri ni la watu. Wahenga walisema rahisi ni ghali, lakini hawakusema kwamba kila kilicho ghali ni bora. Mnunuzi na ajiulize kwanza kile anachotaka kionekane, kisha ndipo aulize bei.