Kinyongo Hakiyeyuki Chenyewe

Jumapili ile tulikuwa Bagamoyo kwa mama mkwe, tunasubiri samaki. Ghafla kilio: mwanetu wa miaka sita kaanguka kutoka kwenye mwembe. Kiwiko kimevimba, mkono umepinda.

“Aitwe fundi wa kuunga mifupa, amchue,” mama akasema. Mume wangu kimya. Jamani, kimya kile kiliniuma! Nikafoka, “Baba Junior, washa gari!” Kilometa kama 70 hadi Dar, hakuna aliyeongea.

Daktari alituonyesha picha: mfupa umevunjika juu kidogo ya kiwiko, kama inavyowatokea watoto wengi wanaoangukia mkono. Kuchua kungeweza kuumiza mishipa na kukakamaza kiungo. Angeurudisha mfupa mahali pake, aushike kwa nyaya nyembamba za chuma, afunge hogo, kisha azitoe baada ya wiki chache.

“Hakuna zinazoyeyuka zenyewe?” mume wangu akauliza.

Zipo, akajibu. Madaktari wa Helsinki, Finland, walizitumia kwenye vifundo vya miguu mwaka 1984. Ni plastiki maalumu, mwili huimaliza taratibu, hakuna kurudi kutolewa. Ila ni ghali, na waya wa mtoto hutoka kirahisi. Tukakubali waya.

Usiku, kwenye benchi la wodini, akasema, “Nilimwogopa mama. Nisamehe.” Nami nikamwomba radhi kwa kumfokea mbele ya mzazi wake.

Mkono umepona, sasa unanyooka vizuri. Mpenzi msomaji, kuna pini zinazoyeyuka zenyewe. Kinyongo hakimo, hicho lazima mkitoe wenyewe, mapema.