Tuwaandikie Wajukuu Wetu



Katika Kitabu cha Tobiti, malaika Rafaeli, kabla ya kuiaga nyumba aliyoitumikia, aliacha agizo moja ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: kwamba Tobiti na mwanawe wayaandike yote yaliyowapata. Nayo yalikuwa mambo ya nyumbani: baba aliyepofuka, fedha zilizowekwa kwa jamaa wa mbali, kijana aliyesafiri na mbwa wake, ndoa iliyoogopwa kwa sababu ya vifo, na dawa iliyotoka katika nyongo ya samaki. Kanisa limezitunza habari hizo za familia moja kati ya vitabu vyake vitakatifu. Kwa hiyo mkristu anayeshika kalamu ili awaandikie wajukuu habari za utoto wake, za wazazi wake na za magonjwa yaliyopita nyumbani mwao, asiogope kuonekana mwenye majivuno. Anatii agizo la zamani.

Sisi tunaoandika haya ni katekista na mwalimu, mzaliwa wa Kirumba, kusini mwa Lubero, na tumekwisha kupita umri wa miaka hamsini. Wazee waliotulea wamelala karibu wote. Wajukuu wa ukoo wetu wanakulia Butembo, Goma na hata Kampala, na wengine hawajawahi kulikanyaga shamba la babu yao. Tukinyamaza, watajua jina la kijiji tu.

Wala tusidhani kwamba kuna mwingine atakayeandika kwa niaba yetu. Nchi yetu haijahesabu watu wake tangu sensa ya mwaka 1984. Sheria inataka mtoto aandikishwe katika muda wa siku 90 tangu kuzaliwa kwake, lakini ofisi iko mbali, mama bado hana nguvu, mvua imeharibu njia, na siku hizo hupita. Kanisa limefanya vizuri zaidi. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu, na kando ya jina la mbatizwa huongezwa habari za kipaimara chake na ndoa yake. Wengi wetu tusingejua tarehe ya kuzaliwa kwetu pasipo kitabu hicho. Hata hivyo kitabu cha parokia hakisemi mtoto alikufa kwa ugonjwa gani, wala kwa nini shangazi fulani aliondoka nyumbani asirudi tena.

Vita vimetufundisha jambo jingine. Vilipofika Kanyabayonga na Kirumba mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi zilishika barabara ya Kaseghe, Alimbongo na Lubero kuelekea Butembo. Walibeba watoto, sufuria, magodoro na mbuzi. Vyeti vya shule, kadi za chanjo na picha za harusi vilibaki sandukuni, na wengi waliporudi hawakuvikuta. Kilichobaki ni kile kilichokuwa kichwani mwa mtu, na kichwa cha mtu nacho kina siku zake.

Tuseme basi machache ya kwetu, ili kila msomaji aone ni mambo ya namna gani yanayostahili kuandikwa.

Tulizaliwa mwaka 1971, mwaka ule nchi ilipopewa jina la Zaire. Mwaka uliofuata serikali ilikataza majina ya kikristu. Hivyo tulikua na majina mawili: moja la shuleni na la karatasi za serikali, na jingine la ubatizo, lililoandikwa katika kitabu cha parokia na kutamkwa na mama jioni tu, tulipokusanyika kwa rozari. Mjukuu atakayekuta karatasi hizo mbili anaweza kudhani ni watu wawili. Mstari mmoja katika daftari utamwondolea shaka.

Tulianza darasa la kwanza Septemba 1977. Shule za Kanisa zilikuwa zimechukuliwa na serikali mwaka 1974, zikarudishwa mikononi mwa makanisa kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977. Sisi watoto hatukujua lolote juu ya mapatano. Tulijua tu kwamba msalaba ulikuwa umerudi ukutani, na kwamba mwalimu alianza tena somo kwa sala. Nyumbani tulikula bugali na sombe, na siku ya soko samaki waliopandishwa mlimani kutoka Vitshumbi. Alasiri tuliteremka kilima juu ya chukudu ya kaka wa jirani, na magoti yetu bado yana alama.

Desemba 1979 serikali iliziondoa noti za zaire 5 na za zaire 10, ikatoa siku chache tu za kuzibadilisha. Baba alikuwa ameweka fedha za kahawa ya miaka miwili ndani ya kopo la maziwa ya unga. Aliondoka alfajiri kwa miguu, akarudi siku ya nne na kopo lile lile. Hakusema neno. Baada ya wiki moja alitupa sisi watoto zile noti tuzichezee dukani petu pa majani na mawe. Tangu siku hiyo hakuweka tena fedha. Kila alichopata alinunulia mbuzi. Wajukuu wanaoshangaa kwa nini ukoo huu unaamini zizi kuliko benki watapata jibu hapo.

Lakini sehemu nzito zaidi ya daftari letu ni ile ya magonjwa.

Sisi Wanande humpa mtoto jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Kati ya wavulana, wa kwanza huitwa Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Sisi tuliitwa Kakule. Tulipopata fahamu, hatukukuta kaka yeyote mbele yetu. Palikuwa na dada wawili tu. Jina letu lilikuwa hesabu ya wavulana watatu waliotangulia, na nyumbani hapakuwa na mtu aliyewataja.

Miaka michache kabla ya kufa, mama alikubali kutusimulia. Tuliandika mbele yake katika daftari la shule, kwa Kinande, kama alivyotamka. Wa kwanza alichukuliwa na surua, mwezi mmoja na watoto wa majirani. Wengine wawili walikuwa na ugonjwa mwingine. Kabla hawajatimiza mwaka, vidole na nyayo zao zilivimba. Macho yao yaligeuka manjano. Usiku wa baridi, na baridi ya milima yetu inajulikana, walilia kwa maumivu ya mifupa hadi asubuhi. Kisha damu iliwapungua, wakafa, mmoja akiwa na miaka miwili na mwingine minne. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema pana mkono wa mtu. Walimtaja dada mkubwa wa baba, mjane asiye na mtoto, aliyekaa katika ua wetu na kuwabeba watoto hao mgongoni. Shangazi alifungasha nguo zake akateremka upande wa ziwa. Alifia huko, na hakuna mtu wa nyumbani aliyekwenda kumzika.

Mama aliposema hayo hakuongeza hukumu. Alisema tu kwamba shangazi alikuwa akiwaimbia watoto hao usiku ili yeye mwenyewe apate kulala kidogo.

Miaka ilipita. Mtoto wa dada yetu alianza kuvimba vidole. Safari hii alipimwa damu, na jibu lilikuwa SS, yaani ugonjwa wa seli mundu. Daktari alitueleza kwa utaratibu. Mtoto huwa SS akirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia. Mzazi aliyeirithi upande mmoja tu, yaani AS, kwa kawaida huishi bila kuugua wala kujua. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS. Baridi, upungufu wa maji mwilini na homa huamsha maumivu. Tulirudi nyumbani, tukafungua daftari, tukasoma maneno ya mama mbele ya ukoo: vidole, macho, mifupa, baridi. Hatuwezi kuwapima waliokwisha kuzikwa. Lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mzee mmoja, wa mwisho kati ya wale waliokaa katika kikao cha zamani, aliomba aachwe peke yake.

Katika Kitabu kile kile cha Tobiti, sura ya tatu, binti Sara alitukanwa na mjakazi wa baba yake kwamba ndiye aliyewaua waume zake saba. Alipanda chumbani akitamani kufa. Mungu alimtuma Rafaeli, ambaye jina lake maana yake ni kwamba Mungu huponya, amponye Tobiti upofu na amwondolee Sara aibu, na yote mawili yalikuwa kazi moja. Nasi tumeona hivyo. Mtoto yule wa dada yetu analindwa: anakunywa maji ya kutosha, anavishwa vizuri, na homa ikimpata hapelekwi kesho bali leo. Vijana wa ukoo wanapimwa damu kabla ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe. Na jina la shangazi limerudi katika nia za misa.

Wasomaji wa jimbo letu wanakumbuka pia Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na katika muda huo uliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao upande wa Beni, Mabalako, Katwa na Butembo. Wahudumu wa afya walikaa katika nyua zetu wakiuliza: nani alimtembelea mgonjwa, nani alimwosha, nani alikula naye, siku gani? Waliotajwa walifuatwa kwa siku 21. Nyumba iliyokumbuka vizuri na kusema kweli iliwaokoa majirani. Iliyoficha jina moja iliuacha ugonjwa utembee. Tukumbuke hayo kila tunaposema kwamba habari za wagonjwa ni za kunong'onezana tu.

Tuandikeje, basi? Kwanza, tuanze na majina: jina la zamu, la ubatizo, la ukoo, mahali na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Kakule ni wengi mno katika milima hii. Mjukuu atahitaji zaidi ya hilo. Tarehe zisipojulikana, tutumie matukio: kabla ya noti kuondolewa, mwaka wa Ebola, baada ya kukimbia. Pili, kwa kila aliyefariki tuandike umri, dalili zilizoonekana na muda zilizodumu. Tuandike macho yaliyoona. Kama watu walimshuku mtu, tuseme kwamba walimshuku, tusiandike kwamba alifanya. Tatu, magonjwa yanayorudi katika ukoo yapewe ukurasa wake: kisukari, shinikizo la damu tunaloliita tansio, kifafa, upofu, seli mundu. Daktari akiuliza kama kuna aliyewahi kuugua hivyo nyumbani, tuwe na jibu. Nne, maneno ya wazazi tuyaache katika lugha waliyoyasema, na maelezo tuyaweke kwa Kiswahili kwa ajili ya watoto wa mjini. Tano, nakala ziwe mbili, na ya pili ikae mji mwingine. Picha iliyopigwa kwa simu ni bora kuliko kutokuwa na nakala.

Kuna swali ambalo watu hutuuliza katika mafundisho ya ndoa: je, aibu za nyumbani nazo ziandikwe? Mwinjili Mathayo, akiandika ukoo wa Bwana, hakumwacha Tamari, wala Rahabu, wala mke wa Uria. Ukweli unaoponya uandikwe. Siri tuliyokabidhiwa kwa uaminifu, na aliyetukabidhi bado yu hai, ibaki siri mpaka yeye mwenyewe aifungue. Na habari za mipaka ya mashamba tusiziandike peke yetu, bali mbele ya mashahidi wa pande zote, ili daftari lisije likawa chanzo cha kesi.

Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, tunapendekeza kila familia ya shirika letu ifungue daftari lake. Wenye kalamu nyepesi wawasaidie wasiojua kuandika. Vijana wakae na wazee, wasikilize bila haraka, na mzee akichoka waache mpaka siku nyingine. Katika kikao kijacho tutaulizana mambo matatu:

Je, tunayajua majina ya ndugu zetu waliokufa wakiwa wadogo?

Ni ugonjwa gani uliorudi zaidi ya mara moja katika nyumba yetu, na ni nani aliyelaumiwa kwa ajili yake?

Ni mzee gani wa jumuiya yetu ambaye bado tunaweza kumtembelea juma hili na daftari mkononi?

Mtakatifu Rafaeli, msindikizaji wa wasafiri na mponyaji, atuombee.